Mkiambiwa "mpelekeni nyumbani mkamuuguze": jinsi ya kuita tiba shufaa mapema na kuitumia vizuri

Kuna maneno familia nyingi huambiwa kwenye korido ya wodi, "mpelekeni nyumbani mkamuuguze", na yakishatamkwa watu wanaona mambo yamekwisha, wanaanza kuulizana habari za nauli na sanda wakati mgonjwa mwenyewe yuko pale anawasikia. Mimi nimeuguza nyumbani, na baada ya hapo nikaanza kujitolea kuwafuata manesi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mkubwa, wakienda kutembelea wagonjwa huku Dar, na kitu ninachotaka kukisema ni kimoja ila nitakisema kwa urefu: siku mnayoambiwa ugonjwa hauponi tena ndo siku kazi nyingine kubwa inaanza, na kazi hiyo ina wataalamu wake na dawa zake. Mkiiwahi, mgonjwa wenu anaweza kuishi muda wake uliobaki bila kulia na maumivu, akiwa na akili zake, anaongea na wajukuu, anasema mwenyewe anachotaka. Mkichelewa nesi anafika mtu ameshaanza kukata roho, na hapo hata awe nesi hodari vipi hana muda.

Wanaotoa tiba shufaa mara nyingi huitwa hospisi, kwa hiyo kwanza tuelewane hospisi ni nini maana hapa ndo watu wengi wanaogopa. Wengi wanadhani ni jengo la kwenda kufia. Ulaya ni kweli zipo hospisi zenye vitanda, daktari Mwingereza Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's kule London mwaka 1967 na ndiko hospisi za kisasa zilikotokea, lakini kwetu Afrika Mashariki mara nyingi hospisi ni timu: nesi, daktari, mtu wa ushauri nasaha, wakati mwingine mchungaji au shekhe, na wanakufuata nyumbani au unaenda kliniki yao asubuhi unarudi kwako mchana. Nairobi Hospice ilianza 1990 na iko ndani ya eneo la hospitali ya Kenyatta. Kampala iko Hospice Africa Uganda, alianzisha Dr. Anne Merriman mwaka 1993. Hapa Tanzania taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar, wana huduma hii, Arusha kuna hospitali ya Selian, na hospitali kadhaa za mikoa na za makanisa zina watu waliosomea. Ukifika hospitali usiulize "mna hospisi?" watakushangaa, uliza "kitengo cha tiba shufaa kiko wapi" au "nani hapa anashughulika na tiba shufaa". Kenya nao wana chama chao cha hospisi, KEHPCA, wanaweza kukuelekeza iliyo karibu na kaunti yako.

Sasa lini uwaite. Jibu langu ni mapema kuliko unavyofikiri. Si lazima daktari awe amesema matibabu basi, mtu anaweza kuwa bado anapata kemo (dawa za kuua saratani) au mionzi na tiba shufaa ikaenda sambamba. Kuna utafiti ulifanyika Boston, Marekani ukatoka 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu wakapewa tiba shufaa toka mwanzo pamoja na matibabu ya kawaida, nusu matibabu ya kawaida peke yake, na wale wa kwanza siyo tu walikuwa na nafuu zaidi na huzuni pungufu, waliishi wastani wa miezi 11.6 wenzao 8.9. Kwa hiyo ule usemi wa "kumwita hospisi ni kumkatia tamaa" hauna msingi, tena ningeomba watu waache kabisa kuusema mbele ya mgonjwa.

Madaktari wenyewe wana swali wanajiuliza: je nitashangaa huyu mtu akifariki ndani ya mwaka mmoja? Kama jibu ni hapana sitashangaa, basi ni wakati. Nyie nyumbani angalieni hivi, amelazwa mara ngapi mwaka huu, je analala zaidi ya nusu ya siku, nguo zinampwaya kila mwezi, ugonjwa unaendelea kukua na dawa anakunywa. Na siyo kansa tu jamani. Moyo ulioshindwa, figo, ini, mapafu, HIV iliyofika mbali, mzee mwenye kiharusi asiyeweza kugeuka kitandani, hata mzee aliyepoteza kumbukumbu mpaka hajui watoto wake, wote hawa wanahusika. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji huduma hii na wanaoipata ni kama asilimia 14, na sehemu ya sababu ni kwamba familia hazijui kuwa kuna kitu cha kuomba.

Kuomba kwenyewe ni hivi. Kabla hamjatoka wodini mwambieni daktari "tunaomba rufaa ya tiba shufaa", msitoke na karatasi ya kuruhusiwa peke yake. Chukueni ripoti ya biopsi (kipimo cha kipande cha nyama), majibu ya skani, orodha ya dawa zote anazotumia pamoja na zile za miti shamba (semeni ukweli, hawatawagombeza, ila kuna dawa zinagombana), namba ya simu ya mtu mmoja ambaye kweli anakaa na mgonjwa na siyo ya kaka mkubwa aliyeko Mwanza, na maelekezo ya nyumbani yanayoeleweka, karibu na msikiti gani, baada ya kituo gani cha daladala. Wakija mara ya kwanza waulizeni wanatembelea siku gani, usiku tukipata shida tunampigia nani, mofini, yaani dawa ya maumivu makali, ikiisha tunaichukua wapi, na gharama ikoje. Gharama inatofautiana sana, kuna sehemu ni bure, kuna sehemu wanaomba mchango kidogo, kwingine bima inaingia, ulizeni wazi na kama hamna semeni hamna.

Maumivu ndo moyo wa jambo lote hili kwa hiyo hapa nitakaa. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kula, halali, haombi, hasamehe, anakuwa mkali kwa watu anaowapenda na nyie mnadhani ameharibika tabia. Dawa yenyewe ipo, ya maji, ya kunywa, inaitwa mofini, ni unga unachanganywa na maji kwenye famasi ya hospitali na siyo dawa ya gharama kubwa. Uganda serikali inaitoa bure, na 2004 walibadilisha sheria ili nesi na klinikali ofisa aliyesomea tiba shufaa aruhusiwe kuiandika, maana vijijini ukisubiri daktari mgonjwa anateseka wiki nzima. Natamani sana kila nchi yetu ifike hapo.

Watu wanaiogopa mofini kwa mambo matatu. La kwanza eti atakuwa teja. Mtu anayekunywa mofini kwa sababu ya maumivu ya kweli, kwa dozi ya nesi, ni nadra sana kugeuka teja, mwili utaizoea na wakati wa kuacha inapunguzwa kidogokidogo, basi. La pili eti inaua. Dozi ikianza ndogo ikapandishwa taratibu haimuui mtu, wengi wanaanza kulala usingizi mzito siku 2 au 3 za kwanza kwa sababu walikuwa hawajalala wiki kadhaa, familia zinashtuka zinaiacha, maumivu yanarudi vilevile. La tatu eti tuitunze mpaka akizidiwa kabisa. Hapana, tofauti na panadol haina kiwango cha mwisho, ugonjwa ukiongezeka dozi inaongezwa.

Inavyotumika: mofini ya maji inafanya kazi kama masaa 4 kwa hiyo inapewa kwa saa na siyo kwa kusubiri mpaka alie. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku mnampa dozi mbili kwa pamoja ili alale mpaka asubuhi na nyie mlale, lakini hiyo ya usiku fuateni nesi alivyowaandikia maana mzee sana au mwenye figo mbovu anaweza kupangiwa tofauti. Maumivu yakitokea katikati kabla ya saa yake kuna dozi ya ziada, nesi atawaambia kiasi, mpeni, na ya saa yake mpeni vilevile. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani vinadanganya. Wekeni daftari pembeni ya kitanda, andikeni saa, kiasi, na maumivu yakoje, nesi akija hilo daftari ndo la kwanza ataliomba.

Kupima maumivu kuna njia rahisi inatumika sana huku kwetu, mkono. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vitano ni makali yasiyovumilika. Hata bibi asiyesoma anaielewa, hata aliyeshindwa kuongea anaweza kuonyesha.

Kitu kimoja wengi wanasahau: mofini inafunga choo, karibu kila mtu, kila siku, na haiachi. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo kama bisakodili inaanza siku hiyohiyo mofini inapoanza, msisubiri. Nimeona wagonjwa wakilia tumbo kuliko kansa yenyewe kisa choo hakijatoka siku 6. Kichefuchefu kinaweza kuja siku za mwanzo, kina dawa yake na mara nyingi kinapita. Akiwa hawezi kuamshwa, pumzi zikiwa chache sana chini ya 8 kwa dakika, au ameanza kuweweseka na kushtukashtuka misuli, msimpe dozi inayofuata, pigeni simu muda huohuo. Chupa ikae juu mbali na watoto, iandikwe jina. Na yale maumivu ya kuchoma kama moto au kama umeme kwenye mguu, hayo ni ya neva, mofini peke yake haitoshi, mwambieni nesi hivyohivyo kwa maneno ya mgonjwa, kuna dawa kama amitriptilini dozi ndogo usiku inasaidia.

Mwili wenyewe nao. Mgeuzeni kila masaa 2 mchana, usiku kadiri anavyovumilia, mito katikati ya magoti na chini ya vifundo, shuka lisiwe na mikunjo, mpira wa kutandika uwe chini ya shuka na siyo kwenye ngozi. Kila mkimuogesha angalieni nyonga, mkia wa mgongo na visigino, ukiona wekundu usioondoka ukiubonyeza hapo kidonda kinaanza. Mdomo msafisheni mara nyingi, maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, kitambaa laini, mafuta ya kupaka midomoni, na ukiona utando mweupe kwenye ulimi ni fangasi, kuna dawa. Kidonda cha kansa kinachonuka, kwa mfano cha titi, kinamtesa mtu kwa aibu kuliko maumivu, unakuta mama amejifungia chumbani hataki wageni. Vidonge vya metronidazo, hivi vya Flagyl mnavyovijua, nesi atawaonyesha jinsi ya kuvisaga mpaka viwe unga laini na kunyunyizia kwenye kidonda kila mnapobadilisha bandeji, na baada ya siku chache harufu inapungua sana. Kwangu mimi hiki ni kati ya vitu vizuri kabisa nilivyowahi kushuhudia, mtu kufungua tena dirisha na kukaribisha marafiki zake.

Akikosa pumzi mkalisheni, fungueni madirisha, feni imuelekee usoni, watu wapungue chumbani. Mofini kwa dozi ndogo inasaidia pumzi pia.

Kuhusu kula naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo ugomvi mkubwa wa nyumba zetu. Mgonjwa anayeelekea mwisho anaacha kula kwa sababu mwili hauhitaji tena, siyo kwamba anakufa kwa sababu hali chakula. Kumlazimisha uji kwa kijiko huku amebana meno kunaweza kupeleka uji kwenye mapafu. Mpeni anachotaka, kidogo, saa anayotaka, vijiko viwili vya mtori, kipande cha nanasi anyonye, chai ya rangi. Na dripu siku za mwisho mara nyingi inaongeza maji kwenye mapafu na miguu, hairudishi nguvu, kwa hiyo yule ndugu anayekuja kutoka mbali na kusema "mbona hamumtundikii maji, mnamuua kwa njaa" mwacheni nesi amueleze.

Sasa maongezi. "Msimwambie atakata tamaa" ndo wimbo wa kila familia, na mgonjwa naye anajua, ananyamaza ili asiwaumize nyie. Mnakaa chumba kimoja kila mtu na siri ileile. Nesi wa tiba shufaa amefundishwa kuongea haya, mwombeni awepo. Anaweza kuanza tu kwa kumuuliza mgonjwa "wewe unauonaje ugonjwa wako unavyokwenda" na hapo anayetaka kujua ataingia, asiyetaka atageuza maneno na aachwe. Watoto nao waambieni kwa lugha yao, mtoto anayefichwa anadhani yeye ndo kasababisha.

Na akishajua ana mambo ya kufanya ambayo hakuna mwingine anaweza kumfanyia. Wosia, hati ya kiwanja iko wapi, mafao ya NSSF aliandikisha nani, deni la vikoba, nani ana deni lake. Mwislamu anajua wosia una mipaka yake na warithi wana mafungu yao, ni vizuri shekhe aitwe mapema, Mkristo anaweza kutaka kitubio au mpako wa wagonjwa akiwa bado anaelewa. Halafu kuna kwenda kwao. Wagonjwa wengi wa mjini wanataka kurudi walikozaliwa, na familia zinasubiri mpaka afe ndo zinakodi gari la kusafirisha mwili kwenda Bukoba au Moshi kwa mamilioni. Kumsafirisha akiwa hai, na dawa zake za kutosha njiani na barua ya rufaa ya hospitali ya huko, ni nafuu zaidi na anawaona watu wake. Mwambieni nesi wiki mbili kabla ili apange.

Pesa pia tuseme. Nimeona familia zinauza shamba kumpeleka mtu India baada ya madaktari wawili watatu kusema matibabu hayatasaidia, anarudi kwenye boksi na watoto hawana ada. Sisemi msitafute maoni ya daktari mwingine, tafuteni, ila muulizeni huyo daktari waziwazi: hii tiba inalenga kuponya, kurefusha, au kupunguza maumivu, na inarefusha kwa muda gani? Jibu mkilipata kaeni na mgonjwa mwenyewe aamue, maisha ni yake.

Anayeuguza. Karibu kila nyumba ni binti mmoja au mke, wengine wako kwenye grupu la WhatsApp wanatuma emoji za mikono ya kuomba. Mchango wa hela ni mzuri lakini pangeni shifti, nani analala na mgonjwa Jumatano usiku, nani anafua, nani anakwenda kuchukua mofini. Kama uko mbali lipia dada wa kusaidia kazi ili dada yako alale. Nesi akija mwambieni amuulize na yeye hali yake, siyo mgonjwa peke yake.

Siku za mwisho zenyewe mkizijua mapema hamtakimbilia bodaboda kumrudisha wodini usiku. Analala muda mwingi, hamezi, mikono na miguu inapoa inabadilika rangi, pumzi zinakatika halafu zinarudi, kooni kunakoroma. Mkoromo huo unawasumbua nyie kuliko yeye, mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Dawa zisizo za lazima kama za presha na vitamini nesi atazisimamisha, za maumivu zinaendelea, kama hamezi muulizeni njia nyingine. Ongeeni naye, someni dua, shikeni mkono, inawezekana bado anasikia. Hospitali sasa hivi haina cha kumuongezea, isipokuwa damu nyingi inatoka au maumivu yameshindikana, hapo pigeni simu.

Akifariki nyumbani msihamaki. Karatasi zote za hospitali na za tiba shufaa ziwe kwenye bahasha moja, zinasaidia kueleza kwamba kifo ni cha ugonjwa. Toeni taarifa serikali ya mtaa au kwa mtendaji, Kenya ni naibu chifu, mpate kibali cha kuzika, na cheti cha kifo kifuatilieni mapema, hapa Tanzania ni RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, kikikosekana mirathi inakwama. Mofini iliyobaki na mabomba virudisheni kwa nesi, msimpe jirani anayeumwa mgongo. Na akirudi nesi baada ya msiba, wengi wao hurudi, mkaribisheni akae na yule aliyeuguza peke yao chumbani, maana huyo ndo alikuwa anaamka saa 10 usiku na sasa hivi bado anaamka saa hiyohiyo hana kazi ya kufanya.